Mbiu ya Nani? Historia ya Kazi za Pamoja Tanzania

Julai 1905, huko Nandete kwenye vilima vya Umatumbi, watu waliingia katika shamba la pamba wakang'oa miche. Kitendo hicho kidogo ndicho kilichofungua Vita vya Maji Maji, na watoto hufundishwa shuleni kwamba hapo ndipo safari ndefu ya kudai uhuru ilipoanzia. Ni kweli, lakini ndani ya kitendo hicho kuna jambo jingine tusilolitazama vya kutosha. Kuanzia mwaka 1902 utawala wa Kijerumani ulikuwa umewaagiza majumbe wa pwani na bara yake ya karibu wafungue mashamba ya pamba ya pamoja. Kila mtu mzima katika eneo la jumbe alidaiwa siku zake za kazi, na katika wilaya ya Dar es Salaam siku hizo zilikuwa 28 kwa mwaka. Mapato yangegawanywa kati ya waliolima, jumbe aliyewasimamia na jumuiya ya wilaya. Ukiusoma mpango ule kwa lugha ya leo, una kila kinachotakiwa: ardhi ya jamii, nguvu za wananchi, kiongozi wa mahali, zao la biashara, mgawo wa faida. Malipo yalipotoka wengine walikuta wamepewa senti 35 kwa jasho la mwaka mzima, wakakataa kuzipokea. Uasi mkubwa kuliko wote katika historia ya nchi hii ulianza, kwa sehemu kubwa, kama uasi dhidi ya kazi ya pamoja.

Nimeanzia huko kwa sababu kazi za pamoja huwa tunazisimulia kama habari za moyo. Wazee walikuwa na moyo wa kujitolea, tunaambiwa, na vijana wa leo wameupoteza. Kijiji fulani kina mwamko, kingine kimelala. Viongozi wa kila awamu wamehutubia hivyo, kuanzia mabwana shauri wa kikoloni hadi wakuu wa wilaya wa karne hii. Ushahidi wa miaka 120 haukubaliani nao. Moyo haukuwahi kukosekana. Kilichobadilika kutoka zama hadi zama ni nani anayepiga mbiu, na anapokwisha kuipiga, waliokuja na majembe wana mamlaka gani. Ninadai kwamba kazi ya pamoja ilidumu pale watu walipoweza kuamua kama ifanywe au isifanywe, kuigeuza ilipokuwa haifai, na kukishika wenyewe kile kilichotokana nayo. Walipokosa mamlaka hayo, kazi iligeuka kodi isiyokatiwa risiti, hata kama ilipewa jina zuri kiasi gani.

Mfano ulio imara zaidi ni wa zamani kuliko serikali yoyote iliyowahi kututawala. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wageni wa kwanza kutoka Ulaya waliofika katika karne ya 19 walikuta mifongo, yaani mifereji inayochota maji kwenye makorongo ya juu na kuyazungusha kando ya vilima hadi kwenye migomba. Mingine ilikwenda kilomita kadhaa, ikifuata mwinuko kwa usahihi uliowashangaza watu waliokuja na vyombo vya kupimia. Mfongo ulikuwa na waanzilishi, na kwa kawaida mkuu wake alitoka katika ukoo wa aliyeuchimba. Watumiaji waligawana maji kwa zamu, na mvua kubwa zilipobomoa kingo au tope lilipoziba njia, wote waliitwa. Asiyetokea bila sababu alitozwa, na asiyelipa alikosa zamu yake ya maji. Naitaja adhabu hiyo makusudi, maana wapo wanaoamini kwamba ushirikishwaji ni hiari tupu, kila mtu aje akipenda. Mifongo haikuendeshwa kwa hiari tupu. Ilikuwa na sheria kali, ila sheria ile ilitungwa na wanywaji wa maji yale yale, iliwakata wote, na mwenye kutoza faini alijulikana kwa jina na kwa ukoo. Kwa hiyo tusilumbane kama pawepo shurti au pasiwepo. Tuulize shurti ya nani.

Wala mfongo haukuwa pepo. Kwa desturi wanawake hawakuwa na sauti katika vikao vyake, na mara nyingi hawakuruhusiwa kufika kwenye banio, ilhali wao ndio waliokuwa wakitumia maji nyumbani na shambani kila siku. Tutakapofika kwenye kamati za maji za miaka ya 1980 tutaikuta kasoro hii imetusubiri. Jamii si mtu mmoja mwenye mdomo mmoja, na anayesema kijiji kimekubali inafaa aulizwe ni nani hasa aliyekubali.

Dola ya kikoloni iliyaona mazoea ya namna hii na ikayatamani. Upareni na Tanga palikuwa na msaragambo, kwingine palikuwa na ujima wa kulima na kujenga kwa zamu, na karibu kila kabila lilikuwa na namna yake ya kuitana. Chini ya Waingereza, sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa machifu uwezo wa kuamuru watu wao katika mambo mengi, na barabara, kambi za maofisa na mabwawa vikajengwa kwa mikono ya watu walioitwa kwa mbiu ile ile ya zamani. Aliyeshindwa kulipa kodi angeweza kuilipia kwa kazi. Jina la desturi lilibaki, mwenye mbiu akabadilika: chifu alikuwa akijibu kwa boma, si kwa waliochimba.

Hapo ndipo unapokuta hati ambayo ningependa kila diwani aisome. Mwaka 1930 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba dhidi ya kazi ya kulazimishwa. Wajumbe walitambua kwamba ziko kazi ndogo ndogo za jamii ambazo haziwezi kuhesabiwa utumwa, wakaziondoa katika katazo. Lakini waliziwekea sharti: ziwe kwa faida ya moja kwa moja ya jamii yenyewe, na wanajamii au wawakilishi wao wa moja kwa moja wawe na haki ya kuulizwa kama kazi hizo zinahitajika. Yaani tangu 1930 sheria ya dunia ilikwisha kuweka mpaka kati ya msaragambo na kazi ya shokoa, na mpaka huo haukuwekwa kwenye uzito wa jembe wala idadi ya siku. Uliwekwa kwenye swali linaloulizwa kabla ya kazi kuanza.

Uluguru swali hilo halikuulizwa, na tukio hilo linastahili kusimuliwa kwa kirefu kwa sababu nia ya wakubwa haikuwa mbaya. Mwishoni mwa miaka ya 1940 maofisa wa kilimo waliitazama milima ile inavyomomonyoka, wakaona mito inayoshuka Morogoro na kuendelea hadi Dar es Salaam imejaa udongo, wakapata hofu ya haki kabisa. Dawa waliyoileta ilikuwa matuta ya ngazi, yachimbwe na kila kaya kwenye mashamba yake kwa amri ya mamlaka ya wenyeji, na mzembe apelekwe barazani. Waluguru walichimba. Wakaona kwamba kwenye miteremko yao, yenye udongo mzuri mwembamba sana, kukata ngazi ni kuufukia udongo wenye rutuba na kuufunua ule usio na kitu. Mazao kwenye matuta yalikuwa duni kuliko pembeni yake. Zaidi ya hapo, ardhi ilikuwa ya koo za upande wa mama, na mtu aliyekuwa akilima kwa ruhusa ya ukoo mwingine alijiuliza ni haki gani atakayobaki nayo, au atakayoiondoa, baada ya kugeuza sura ya shamba kwa kazi nzito namna hiyo. Haya yalikuwa maarifa ya kitaalamu, ya udongo na ya sheria, na wenye nayo walikuwa wameyashika mkononi. Hapakuwa na kikao ambamo yangeweza kuugeuza mpango. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo kumkabili mtawala, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa muda si mrefu baadaye.

Mtu anaweza kusema kwamba hilo lathibitisha tu kuwa wakulima hawapendi matuta. Tuvuke mpaka basi. Mwaka 1948 wanawake wa Murang'a, Kenya, waliandamana kupinga kazi ya matuta ambayo wao ndio waliokuwa wakiifanya kwa sehemu kubwa. Machakos nako hali ilikuwa mbaya: katika miaka ya 1930 wataalamu walikuwa wameiandika wilaya ile kama nchi inayokufa, na kampeni za kwanza za lazima zilizaa chuki kuliko matuta. Lakini katika miaka ya 1950 kazi ilianza kupitia mwethya, vikundi vya Wakamba vya kusaidiana, vikiwa na viongozi waliochaguliwa na wanavikundi wenyewe, wengi wao wanawake. Wakulima walibadilisha na muundo: wakaacha matuta membamba waliyoamriwa hapo mwanzo, wakachagua ya ngazi, na baadaye ile namna ya kuchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu, fanya juu, ambayo sasa inajulikana na wataalamu wa udongo duniani kote. Uchimbaji uliendelea hata baada ya uhuru, serikali ilipokuwa haina tena nguvu wala haja ya kuusukuma. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha wilaya yenye watu wengi zaidi na mmomonyoko mdogo zaidi. Sitasema ni kwa sababu ya mwethya peke yake. Kahawa iliyoruhusiwa na soko la Nairobi viliifanya ardhi iwe na thamani ya kuchimbiwa. Hata hivyo wakulima hawa na wale wa Uluguru walishika jembe moja na kupigana na adui mmoja, mmomonyoko. Upande mmoja mpango uliweza kusahihishwa na mchimbaji, upande wa pili haukuweza.

Uhuru wa Desemba 1961 ulileta mbiu mpya, Uhuru na Kazi, na mwitikio wake ndio ushahidi mzito kuliko wote dhidi ya wanaolalamikia moyo. Watu walijenga. Walijenga madarasa, zahanati, barabara za kuunganisha vijiji, visima, ofisi za TANU. Kamati za Maendeleo za Vijiji ziliundwa, na mwaka 1963 machifu, waliokuwa wapiga mbiu wa mkoloni, waliondolewa katika utawala. Shida iliyojitokeza haikuwa uvivu, ilikuwa wingi. Madarasa yalisimama bila walimu na zahanati bila dawa, kwa kuwa kujenga kulikuwa kwa kijiji na mishahara ilikuwa ya Hazina, na wawili hao hawakukaa meza moja. Jibu la serikali lilikuwa kudai kila mradi uidhinishwe wilayani kwanza. Lilikuwa na mantiki. Lakini angalia mzani ulivyoinama: badala ya kuwapa wajenzi nafasi katika kupanga walimu na dawa, waliongezewa ngazi ya kuomba ruhusa.

Katika kipindi hicho hicho, Songea, palitokea jambo ambalo naliona kuwa sura muhimu kuliko zote katika historia hii. Mwaka 1960 kikundi cha vijana wa TANU Youth League, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, kilikwenda porini kuanzisha kijiji cha Litowa. Walikosea, walipata njaa, wengi waliondoka, wachache wakabaki. Mwaka 1963 kikaundwa chama cha maendeleo cha Ruvuma, na vijiji vingine vikajiunga mpaka vikakaribia ishirini. Mwingereza Ralph Ibbott aliishi nao kama mshauri. Kila kijiji kilikuwa na mikutano yake ya mara kwa mara ya kupanga kazi na kugawa mapato, na kilitoa wajumbe katika chama kizima. Walijivutia maji ya bomba. Walipata kinu cha kusaga na kiwanda cha mbao vilivyokuwa mali ya chama. Waliendesha shule Litowa, chini ya mwalimu Suleman Toroka, ambamo watoto walilima na kujifunza kwa namna iliyomvutia Mwalimu Nyerere mwenyewe. Ukisoma kijitabu chake cha Septemba 1967 kuhusu ujamaa vijijini, utaona kwamba sehemu ya mawazo yale ilikuwa tayari inaishi kwenye vumbi la Ruvuma.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama kile. Viongozi wa mkoa walikuwa wamekichukia muda mrefu, na chuki yao ilieleweka: hapa palikuwa na wanavijiji waliomkaribisha ofisa kama mgeni, si kama bwana, na walioweza kumwambia hapana. Mali za pamoja zilichukuliwa. Wapo wanaosema kwamba chama kile kisingeweza kuwa kielelezo cha nchi, kwa kuwa kilikuwa na viongozi wa pekee na misaada ya marafiki wa nje. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini kijiji kimoja kati ya vile, Matetereka, kiliendelea na kazi ya pamoja kwa miaka mingi baada ya chama kufa, misaada kukauka na siasa za nchi kugeuka. Vijiji vilivyoanzishwa kwa amri havina historia ya namna hiyo, pamoja na matrekta na maofisa vilivyopewa.

Inaumiza kuona jinsi Nyerere alivyolielewa jambo hili kabla ya kuliacha. Oktoba 1968, katika Uhuru na Maendeleo, aliandika waziwazi kwamba watu hawawezi kuendelezwa na mtu mwingine. Hujiendeleza wenyewe kwa kuamua na kutenda. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwenda mbali zaidi, ukasema kwamba jambo linalowapa watu uwezo zaidi wa kuyaendesha mambo yao ni la maendeleo hata kama haliwaongezei afya wala shibe. Mwaka uliofuata, kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa na wananchi wakawekwa chini ya maofisa kutoka makao makuu. Novemba 1973 kuishi vijijini kukawa amri. Operesheni Vijiji ilihamisha mamilioni ya watu katika muda mfupi. Ilipomalizika palikuwa na zaidi ya vijiji 7,000 vilivyoandikishwa. Pengine nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Pengine kijiji kilipangwa kando ya barabara, mbali na mto na mbali na mashamba, kwa kuwa aliyepanga alitazama ramani na aliyehamishwa hakuulizwa.

Watetezi wa operesheni ile wana jibu, na si la kupuuzwa. Nchi ilikuwa maskini na watu wametawanyika; bila kuwakusanya, shule na zahanati zingewafikia lini? Kweli, elimu ya msingi kwa wote iliyoanza kutekelezwa mwaka 1977 isingewezekana kwa kasi ile bila vijiji, na madarasa mengi yalijengwa kwa mikono ya wanavijiji wenyewe. Nakubali. Ninachokataa ni hitimisho kwamba haraka ilihalalisha kunyamazisha. Tazama kilichodumu: kile ambacho watu walikuwa wanakitaka tangu mwanzo, yaani shule. Mashamba ya pamoja, ambayo hawakuyaamua, yalikufa mara tu usimamizi ulipolegea, na wengi walirudi mahame yao kulima. Shurti iliweza kuhamisha mwili wa mtu. Haikuweza kumfanya apalilie vizuri shamba lisilo lake.

Maji yanaonyesha upande wa pili wa kosa, upande wa ukarimu. Mwaka 1971 TANU iliahidi kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini angepata maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake, bila malipo. Sweden na wafadhili wengine walitoa fedha, wahandisi walichora, pampu za dizeli zilifungwa. Wanavijiji mara nyingine walichimba mitaro, lakini hawakuulizwa wangependa kisima au bomba, kituo kikae wapi, nani atunze ufunguo. Mafuta yalipopanda bei na vipuri vikakosekana, mashine zilikaa kimya, na mtu akiulizwa kwa nini bomba halitoi maji alisema ni bomba la serikali. Wakubwa walisikia katika jibu hilo ukosefu wa uzalendo. Mimi nasikia taarifa sahihi ya umiliki. Mwaka 1991 ulipofika, sehemu kubwa ya wanavijiji bado walikuwa wanachota mbali, na sera mpya ya maji ya mwaka huo ikageukia upande mwingine: vijiji vichangie, vifungue mifuko ya maji, viunde kamati zenye wanawake ndani yake. Mradi wa HESAWA wa mikoa ya Ziwa ulikuwa umeanza kujaribu njia hiyo tangu 1985. Kamati hizo zilikuwa hatua ya kweli, ingawa mara nyingi mwanamke alipewa kiti cha mweka hazina kwa sifa ya uaminifu huku uamuzi ukibaki kwa mwenyekiti.

Jaribio lililo wazi zaidi tunalo karibu nasi, kwa kuwa nchi ileile, ndani ya miaka kumi, ilijenga shule kwa njia mbili. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulianza mwaka 2002 baada ya ada kufutwa. Fedha ziligawanywa kwa kichwa cha mwanafunzi na kuingizwa katika akaunti za shule. Kamati ya shule ndiyo iliyonunua saruji na mabati na kumlipa fundi, na hesabu zilitakiwa kubandikwa ukutani. Wazazi walileta mawe, mchanga na matofali. Wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka kama milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005. Ubora wa masomo haukuifuata kasi hiyo, na fedha mara nyingine zilichelewa au kupungua njiani, lakini majengo yalipata wenyewe. Kisha zikaja shule za sekondari za kata. Mwaka 2005 nchi ilikuwa na sekondari 1,745. Mwaka 2010 zilikuwa 4,266. Safari hii mbiu ilitoka juu, na tarehe za mwisho. Mkuu wa mkoa alimbana mkuu wa wilaya, huyo akambana mtendaji wa kata, mtendaji akabisha hodi kwenye nyumba ya mkulima. Habari za kuku, mbuzi na baiskeli kukamatwa kwa ajili ya mchango zilizagaa magazetini. Majengo yalisimama, ila walimu, vitabu na maabara vilibaki ahadi. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa kwa mara ya kwanza, karibu watahiniwa 6 kati ya 10 walikuwa wamepata sifuri. Serikali iliyafuta na kuyapanga upya, lakini wazazi waliochangia walikuwa wamekwisha kusoma.

Sitaki ionekane kwamba naidharau sekondari ya kata. Imewapa elimu watoto wa maskini, hasa wasichana, ambao bila hiyo wangeishia darasa la saba. Kwa sababu hiyohiyo nauliza: mzazi aliyetoa mchango kwa lazima alikuwa na mahali gani pa kusema tujenge madarasa machache mwaka huu, tumpatie kwanza mwalimu wa hisabati nyumba ya kukaa? Hakuwa napo. Idadi ilikwisha kupangwa.

Kuna pingamizi jingine ambalo kwangu ndilo gumu kuliko yote. Ukiwaachia watu waamue na wachangie, wenye nacho wataendelea na wasio nacho watabaki. Kilimanjaro na Kagera, zenye kahawa na shule za misheni tangu zamani, zilijenga sekondari za wazazi wakati Rukwa na Lindi hazikuwa nazo. Kenya ilikwenda njia hiyo kwa mapana zaidi: Harambee, iliyotangazwa na Jomo Kenyatta mwaka 1963, ilijenga mamia ya shule, lakini maeneo yenye mali na yenye mawaziri yalivuna zaidi, na sherehe za kuchangisha zikageuka jukwaa la wanasiasa kununua wafuasi, mpaka mwaka 2003 sheria ikawabana watumishi wa umma wasichangishe. Wanaosema mchango wa wananchi unaongeza pengo wana ushahidi wa kutosha. Lakini ushahidi huo unahusu fedha, si mamlaka. Kazi ya dola ni kusawazisha mifuko, kama MMEM ilivyojaribu kwa kutoa kiasi kilekile kwa kila mtoto, awe wa Marangu au wa Nkasi. Hakuna kinacholazimu kwamba mkono unaotoa fedha sawa kwa wote uchukue pia uamuzi wa wote. Kwa bahati mbaya historia yetu imependa kinyume chake: fedha tumeziacha bila usawa, uamuzi tukaukusanya sehemu moja.

Mwaka 2016 waraka wa elimu bila malipo uliondoa michango ya lazima shuleni, na Januari 2018 Rais Magufuli aliipiga marufuku kwa ukali zaidi. Kwa mzazi aliyekamatiwa mbuzi, hiyo ilikuwa nafuu ya haki. Hata hivyo kazi ya pamoja haikuisha. Imehamia kwenye maboma. Kijiji huchimba msingi, hufyatua matofali, huinua kuta hadi kwenye lenta, kisha husubiri halmashauri ipaue na kumalizia. Bajeti za halmashauri zina fungu la kumalizia maboma, na ripoti za wakaguzi zimejaa yaliyosubiri miaka. Ukipita barabara yoyote kuu utayaona, nyasi zimeota mahali ambapo watoto walipaswa kukaa. Ni kosa lile la miaka ya mwanzo ya uhuru, limerudi na bati badala ya mwalimu: mmoja anajenga, mwingine ana fedha ya kumalizia, na hawakukaa meza moja kabla ya msingi kuchimbwa.

Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 imekipa kijiji mkutano mkuu wa watu wazima wote, ambao unatakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Ningetaka mbiu yoyote ya msingi ipigwe hapo, na isipigwe mpaka halmashauri imeweka mezani, kwa maandishi, kiasi chake na mwezi wa kukitoa, ili kijiji kiweze kujibu ndiyo, au kusema tungoje mwaka ujao, bila mtendaji kuandika kwamba wananchi hawana mwamko. Upande wa maji, sheria ya mwaka 2019 iliyoanzisha RUWASA imeunganisha kamati nyingi za vijiji katika vyombo vya jamii vya kutoa huduma ya maji, vyenye mafundi na wahasibu wa kuajiriwa, na watumiaji wanaolipa kwa ndoo. Vingi vinasukuma maji vizuri kuliko kamati zilizotangulia. Bado haijapita miaka ya kutosha kujua itakuwaje siku mkutano wa watumiaji utakapoikataa bei, au kumkataa mhasibu, na wilaya ikawa na maoni mengine.